Dakika Tano Hewani

Mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, Rudaina alipachika betri kwenye redio koli, akazungusha kitufe, na kwa dakika tano alikuwa na mume. Dakika zikiisha alizima, akaichomoa betri na kuifunga kwenye kitambaa kama mtu anayehifadhi yai, kisha akarudi kuwa mwanamke aliyeachwa peke yake na mama mkwe mgonjwa, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo ghorofa zake za juu zilikuwa zimeshaangukia ua.

Muwaffaq hakuwa mbali. Alikuwa ng'ambo ya barabara moja, upande wa serikali, nyumbani kwa kaka yake. Alikuwa amevuka kwenda kuchukua mshahara wake wa idara ya maji, kama alivyofanya kila mwezi tangu mji wa Halab ugawanyike kati ya serikali na waasi, na safari hii kivuko kikafungwa nyuma yake. Siku kumi na tisa sasa. Mitandao ya simu ilikufa tangu kiangazi. Kilichowabakia ni zile redio mbili alizozinunua kwa mlinzi wa hoteli iliyofungwa, na betri ambazo hakuna aliyejua zingedumu mpaka lini.

Barabara yenyewe ilikuwa na upana wa hatua arobaini. Mdunguaji alikaa upande wa pili, kwenye ghorofa ya saba ya jengo refu, nyuma ya tundu la ukubwa wa sahani. Rudaina alikuwa amelisoma tundu lile kupitia dirisha la jikoni mpaka akalijua kuliko uso wake. Asubuhi huoni kitu. Lakini alasiri, jua likishahamia nyuma ya jengo, mwanga ulipenya kutoka dirisha la upande wa pili na tundu likawaka. Mtu akikaa mbele ya mwanga ule, tundu huzima. Likiwaka, mdunguaji ameondoka: kula, kusali, kukojoa, nani ajuaye. Dakika tatu, mara nyingine kumi.

"Shangazi, shangazi, unanipata?"

Alhamisi ile saa tisa sauti ya Muwaffaq ilikuja safi kabisa. Waliitana shangazi na mpwa, na barabara ya mdunguaji wakaiita duka, kwa sababu chaneli ya saba ilikuwa kama kisima cha mtaa, kila mtu alichovya ndoo yake humo.

"Nakupata, mpwa. Mzima?"

"Mzima. Dawa ya bibi nimepata. Chupa tano. Kesho nakuja dukani. Muda huu huu, saa tisa, nitakuwa mlangoni nakusubiri. Duka likiwa wazi, niambie."

Rudaina aliutazama mlango wa chumba. Hajja Shukriya, mama yake Muwaffaq, alikuwa amechomwa insulini ya mwisho asubuhi ile, nusu ya kipimo, na chupa ilipogeuzwa hapakudondoka kitu.

"Mpwa, nisikilize. Bila sauti yangu usitie mguu nje. Sauti yangu, si ya mtu mwingine."

"Bila sauti yako hata chai sinywi."

"Acha utani."

"Sifanyi utani. Chai ya shemeji yako ni maji ya kuoshea masufuria."

Alicheka, mkono mdomoni, na hapo hapo risasi moja ikalia barabarani, kavu, kama ubao unaovunjwa gotini. Dakika ya tano ikaisha wakiwa kimya, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake.

*

Ijumaa Hajja aliamka na kiu isiyokatika. Alikunywa, akatapika, akanywa tena. Pumzi yake ilinuka kama tofaa lililooza. Kwa kumhudumia, Rudaina aliiacha saa tatu ipite bila kufungua redio.

"Mwanangu anakuja leo," alisema. "Nisugue miguu, nisije nikapokelewa kama maiti."

Saa tisa kamili Rudaina alisimama jikoni. Tundu lilikuwa linawaka. Liliwaka kama jicho la paka, na halikuwahi kukaa wazi muda mrefu namna ile. Alipachika betri kwa vidole vilivyolowa jasho.

"Mpwa, mpwa. Duka liko wazi. Unanipata? Duka liko wazi."

Kimya. Mkwaruzo wa hewa tu.

"Mpwa, njoo. Liko wazi. Njoo sasa."

Aliita kwa dakika tano. Akaongeza mbili. Taa ndogo ya redio ikageuka kutoka kijani hadi manjano, akaogopa, akazima. Kwenye jengo refu tundu liliendelea kuwaka dakika nyingine nne, bure, kama mtu anayeshikilia mlango wazi kwa mgeni asiyefika. Kisha likazima.

Alishuka ngazi mpaka kwenye magunia ya mchanga, mwisho wa uchochoro, ambako Abu Shihab alilinda. Kabla ya vita Abu Shihab alikuwa fundi wa kutandika vigae. Sasa alikuwa na bunduki, redio nzuri ya jeshi, na watu wa kumwomba ruhusa.

"Kaka yangu," Rudaina alisema, "redio yako ina nguvu. Nisaidie kumwita Muwaffaq. Chaneli ya saba. Neno moja tu."

Abu Shihab hakunyanyua macho kwenye mbegu za maboga alizokuwa anazitafuna. "Redio hii ya vita, bibie. Si ya mapenzi."

"Mama yake anakufa."

"Mama wa kila mtu anakufa." Alitema ganda. "Mumeo anakula mshahara wa serikali, analala kitanda cha serikali. Labda wamempa na mke wa serikali. Ungekuwa wewe, ungerudi huku kula dengu?"

Kijana wa zamu aliyekuwa pembeni akacheka. Rudaina alisimama pale, uso unawaka, na hakuondoka, kwa sababu mtu anayehitaji kitu hana anasa ya kukasirika. Alisimama mpaka Abu Shihab akachoka kutazamwa.

"Nenda nyumbani, dada," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Akija nitamwona kabla yako."

Ilikuwa imepita saa kumi na nusu ndipo risasi zililia. Mbili. Ya kwanza, halafu kimya cha kuhesabu moja mpaka tatu, halafu ya pili. Watu wa mtaa ule walijua maana ya ya pili: ya kummalizia aliyekwisha kuanguka.

Rudaina alishuka ngazi bila kiatu kimoja. Kupitia mwanya wa magunia aliona mwanamume amelala kifudifudi katikati ya barabara, koti la kahawia, mkono mmoja umenyooshwa mbele kama anayetaka kuvuta kitu. Mfuko wa plastiki ulikuwa umepasuka kando yake. Mguu wake ulitetemeka. Uliendelea kutetemeka muda mrefu kuliko mtu yeyote angependa kuona.

"Ni yeye?" Abu Shihab aliuliza.

"Ana koti la kahawia."

"Nchi nzima ina koti la kahawia. Ni yeye?"

"Sijui!"

Hawakuweza kumfikia. Risasi ya tatu ilimpiga pale pale alipolala, mgongoni, na mwili ukaruka kidogo kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Rudaina alisikia mtu anapiga mayowe, akatambua ni yeye mwenyewe alipozibwa mdomo na kiganja cha Abu Shihab chenye harufu ya chumvi ya mbegu.

Walimvuta jua lilipozama. Walikuwa na kulabu ya mchinjaji iliyofungwa kwenye kamba ndefu, kwa kazi hiyo hasa. Mara ya kwanza ilikosa. Mara ya pili ilishika koti, koti likachanika. Mara ya tatu ilishika nyama ya bega, na Abu Shihab akasema "Samehe, ndugu yangu," akaanza kuvuta. Mwili ulikuja polepole ukiacha mstari wa damu kwenye lami, uso ukikwaruza chini, na vijana wawili wakaugeuza.

Hakuwa Muwaffaq. Hakuwa mtu wa mtaa ule kabisa. Kwenye mfuko kulikuwa na makomamanga mawili na kopo la maziwa ya mtoto. Rudaina alipiga magoti karibu naye na aibu ikamshika, kwa jinsi moyo wake ulivyofurahi. Aliuinua mkono wa yule maiti ili aukunje kifuani kama inavyopasa. Saa ya mkononi ilikuwa bado inatembea.

Akaitazama. Akatazama ya kwake.

"Abu Shihab. Saa ya huyu iko nyuma. Saa nzima."

"Ya kwao hiyo," Abu Shihab alisema, akifuta kulabu kwa tambara. "Jana usiku wamerudisha mishale nyuma, saa za majira ya baridi. Imetangazwa leo kwenye hotuba ya Ijumaa: huku hatugeuzi. Kamanda kasema, watu tuliowanyima utii, tutawapa saa zetu?"

Rudaina hakuwa amekwenda msikitini. Alikuwa anasugua miguu ya mama mkwe. Alibaki amepiga magoti, mkono wa maiti mkononi mwake. Kila mwaka wa maisha yake saa zilirudishwa nyuma mwisho wa Oktoba, mji mzima kwa pamoja, na kila mwaka Muwaffaq ndiye aliyezigeuza za nyumba nzima, akipanda kiti kufikia ile ya ukutani. Mwaka huu amegeuza ya kwake, huko aliko. Aliposema saa tisa alimaanisha saa tisa. Alifungua redio yake wakati hapa imefika saa kumi, akasema "Shangazi, shangazi," na betri ya shangazi ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa.

*

Jumamosi asubuhi alifanya alichoona ni akili. Hakufungua saa tatu. Alingoja mpaka saa nne ya kwake, ambayo ni saa tatu ya upande wa pili, akapachika betri.

"Mpwa, mpwa."

Kimya kile kile.

Alikaa sakafuni na kulia kwa hasira. Amekamatwa, aliwaza. Au alivuka kwingine usiku akalala barabara nyingine, kwenye kulabu ya watu wengine. Taa ya redio ilikuwa nyekundu. Mwenye jenereta aliyekuwa akichaji betri za mtaa alikosa dizeli tangu Jumatano, na alikuwa amewaandikia watu mlangoni: Msigonge, nimekaa gizani kama nyie.

"Hajajibu?" Hajja aliuliza kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa imekauka kama karatasi.

"Hajajibu, mama. Nimefungua kwa saa yao, na hajajibu."

Kikongwe alifumba macho. Kisha mdomo wake ukapinda upande. Alikuwa anacheka.

"Unamkumbuka baba mkwe wako na jirani yake Abu Nazih? Pale mlangoni petu?"

"Mama, pumzika."

"'Tafadhali wewe.' 'Haiwezekani, wewe kwanza.' 'Wallahi hupiti nyuma yangu.' 'Naapa kwa talaka, wewe!' Chakula kinapoa, wageni tumbo zinalia, wao wamesimama. Mwisho kila mmoja anamhurumia mwenzake, wanaingia wote kwa pamoja, mabega yanakwama." Alivuta pumzi, ndefu, ya kukwaruza. "Huyu ni mtoto wa yule. Jana kaona kimya. Kauliza. Wamemwambia huku kwetu saa hazikugeuzwa. Sasa wewe unadhani asubuhi alifungua kwa saa ya nani?"

Rudaina aliinua kichwa.

"Alikuja kwako," Hajja alisema. "Na wewe ulikwenda kwake. Mmepishana njiani, wajinga wangu."

"Basi leo alasiri nifungue ipi? Ya kwangu? Na yeye akiwaza kama mimi, akabaki ya kwake?"

"Usiende kokote. Kaa mlangoni umngoje."

"Betri haitafika, mama. Saa nzima haitafika."

"Muwaffaq alisema kinachokula betri ni mdomo." Kikongwe aligeukia ukuta. "Basi fumba mdomo. Mimi nimeolewa miaka arobaini, inawezekana."

*

Saa tisa kasoro dakika mbili Rudaina alifungua redio, akapunguza sauti mpaka ikawa ya mdudu, akaibana sikioni. Hakugusa kitufe cha kuongea. Jikoni kulikuwa na sufuria ya dengu zilizoganda tangu juzi na kioo kilichozibwa pembeni kwa plastiki, na yeye akakodolea lile tundu. Lilizima. Likawaka kidogo. Likazima.

Saa tisa ikapita. Muwaffaq hakuja.

Saa tisa na robo sauti nyingine iliingia kwenye chaneli, ya kijana, imeshiba.

"Hamjambo, panya wa mashariki. Leo huku tunachoma nyama. Harufu inawafikia?"

"Inatufikia," mtu wa upande huu akajibu. "Tulidhani ni nyinyi mnaungua."

"Mmekula nini leo? Paka?"

"Paka wamekwisha. Tunamsubiri dada yako alete wengine."

Matusi yaliendelea, mazito, ya mama na makaburi ya mababu, halafu mmoja akaanza kukohoa na mwenzake wa upande wa pili akamwambia, "Kunywa maji ya moto, mwehu wewe," na wakanyamaza. Rudaina aliangalia taa nyekundu. Maneno ya watu wengine yalikuwa yanakula betri yake.

Saa tisa na nusu. Chumbani Hajja alitapika tena, na safari hii hakuomba maji. Rudaina aliita, "Mama?" na kilichojibu ni pumzi tu, nzito, ya mtu anayepanda mlima.

Saa kumi kasoro dakika moja redio ililia mlio mdogo wa kuonya.

Saa kumi.

"Shangazi. Shangazi, kama unanisikia."

Alikibana kitufe mpaka kucha ikageuka nyeupe. "Niko hapa. Niko hapa, mpwa."

Kitu kilitoka upande wa pili ambacho hakikuwa neno. Kisha: "Asubuhi nilifungua kwa saa yenu."

"Na mimi kwa yenu. Tufupishe, betri. Uko wapi?"

"Nyuma ya ukuta. Duka la viatu. Nimepigwa kidogo kwenye kizuizi, siwezi kurudi nilikotoka. Doria inapita hapa kabla ya magharibi. Duka je?"

Rudaina aliinua macho. Tundu lilikuwa jeusi kama kisima.

"Limefungwa. Subiri."

"Bibi?"

"Yupo. Subiri, nasema. Usi..."

Redio ililia mara mbili na taa ikazima. Aliichomoa betri, akaisugua kwenye paja, akaipachika. Taa ikawaka, ikafa. Akairudia. Haikuwaka tena.

Na wakati bado ameinama juu yake, mwanga ukamgusa pembeni ya jicho. Tundu liliwaka.

Hakukumbuka baadaye alizishukaje zile ngazi. Kwenye magunia Abu Shihab aliruka kumzuia.

"We mwanamke, unakwenda wapi?"

"Redio yako! Chaneli ya saba! Mwambie duka liko wazi!"

Labda ilikuwa ile maiti ya jana, labda uso wake. Abu Shihab hakubisha. Alizungusha kitufe na vidole vyake vinene. "Wewe! Muwaffaq! Duka wazi, toka, toka sasa!"

Wakangoja. Hapakuwa na mtu aliyetoka. Ng'ambo ya pili, mlango wa duka la viatu ulikuwa shimo lenye giza.

"Hasikii," Abu Shihab alisema.

Lakini Rudaina alijua kwamba anasikia. Sauti yangu, alimwambia, si ya mtu mwingine. Alikuwa amemfunga kwa mdomo wake mwenyewe. Aliinyakua redio aseme mwenyewe, lakini chaneli ilikuwa imeshajaa matusi ya ng'ambo, sauti yake haikupenya. Alivuta pumzi apige kelele, na jenereta la wapiganaji mbele ya uchochoro likaimeza sauti yake yote.

Basi akatoka.

Alipita mwanya wa magunia kwa ubavu na kuingia kwenye lami, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amesimama wima kwa mwaka mzima. Alitembea. Nikikimbia, aliwaza, atadhani ninakimbia risasi. Alitembea hatua kumi, kumi na tano, akipita kwenye mstari mkavu wa damu, akasimama katikati ya barabara, kitambaa chake cha kichwa cheupe, na kuinua mkono juu. Hakulitazama tundu. Kutoka pale lisingemwambia kitu, na jikoni hapakuwa na mtu wa kulitazama.

Muwaffaq alitoka gizani. Jicho moja lilikuwa limevimba limefumba, na alikimbia ameinama, mikono yote miwili imekumbatia tumbo kama mtu aliyebeba mtoto chini ya shati. Alikuwa karibu kiasi cha yeye kuona midomo yake ikisema "Rudi, rudi, rudi" pale risasi ya kwanza ilipompiga pajani.

Alianguka kwa ubavu, akilinda tumbo. Rudaina alihesabu bila kutaka: moja. Akamshika kola. Mbili. Akavuta, na mumewe akapiga teke lami kwa mguu mzima ili amsaidie, na wote wawili wakasogea kiasi cha urefu wa mtu. Tatu. Risasi ya pili iligonga pale alipokuwa amelala, vipande vya lami vikamchana Rudaina shavu. Nyuma yake bunduki zote za magunia zilifunguka kwa pamoja kuelekea ghorofa ya saba. Alivuta. Kola ilimkata vidole. Alimsikia akipiga kelele, sauti ambayo katika miaka kumi ya ndoa hakuwahi kuisikia, akavuta dhidi ya kelele ile. Mikono mingine ikamshika kiuno na kuwaburuta wote wawili ndani kama gunia moja.

"Chupa," Muwaffaq alisema, akiwa chali kwenye vumbi. "Angalia chupa."

Shati lilikuwa limelowa, na kwa dakika nzima hakujua kipi ni damu na kipi ni dawa. Tatu zilikuwa zimevunjika. Mbili zilikuwa nzima.

Damu ya paja ilitoka kwa kuruka, na kila ikiruka uso wake ulipungua rangi. Abu Shihab alifungua mshipi wake, akaufunga juu ya jeraha na kukaza kwa goti.

"Hajja bado yuko juu," Rudaina alisema. Aliziangalia chupa, akamwangalia mumewe, hakuweza kuinuka wala kukaa.

"Nenda kwa mama," Muwaffaq alisema.

"Haendi kokote," Abu Shihab alisema. "Ghorofa ya nne, siyo? Nimebeba vigae vya kilo hamsini kwenye ngazi hizo hizo, jengo lile nililitandika mimi." Aliinuka, akaweka bunduki chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. "Wewe mpeleke mumeo kwa daktari. Kikongwe nakuletea."

*

Daktari Ghiyath alikuwa wa meno kabla ya vita. Hospitali yake ilikuwa ghala la chini ya ardhi, lililokuwa la mfanyabiashara wa sabuni, na ndiyo maana watu walikatwa viungo mle ndani katikati ya harufu nzuri ya sabuni ya mafuta ya mlaurusi. Dawa ya usingizi ilikwisha wiki iliyopita. Wanaume wawili walimlalia Muwaffaq mabega, na daktari akaingiza vidole pajani kutafuta mshipa. Muwaffaq aling'ata mkanda wa ngozi mpaka akautoboa. Rudaina hakugeuza macho. Alikuwa ametoa damu mkono wa kushoto, chupa moja, na alikuwa mwepesi kama mtu aliyefunga siku tatu.

Abu Shihab aliingia akitweta, Hajja mgongoni kama mtoto, mikono mikavu imemning'inia shingoni. Wakamlaza kwenye kitanda cha jirani. Muuguzi alimchoma insulini, akamtundikia maji ya chumvi, akasema kipimo kingine baada ya saa moja, na kingine, na tutaona. Bado anaitika jina lake, hilo jema.

"Mshipa nimeufunga," daktari alisema hatimaye. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni. "Amepoteza nyingi. Usiku huu ndio utasema. Asilale, unaelewa? Nina watu wengine kumi na wawili, siwezi kukaa naye. Zungumza naye. Ukinyamaza atalala, na akilala simwamini."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Mfululizo."

Rudaina alisogeza kiti. Kwa siku ishirini na moja maneno yake yote kwa mtu huyu yalikuwa yamepimwa kabla ya kutoka, kila moja limechujwa, lililobaki limemezwa. Muwaffaq alimtazama kwa lile jicho moja, kope inaanza kuanguka.

"Bomba la jikoni limepasuka," Rudaina alisema haraka. "Unanisikia? Jumatatu ya wiki ile. Nimelifunga na soksi yako, ile ya sufu, usinikasirikie. Na mwanamke wa ghorofa ya pili amejifungua, wa kike, mbaya kama babake, wamempa jina la bibi yake. Na mama yako anasema wewe na baba yako ni wajinga. Fungua jicho. Nimeuza kiti chako."

"Kipi?" Sauti yake ilitoka mbali.

"Cha kutikisika."

"Kwa kiasi gani?"

"Kwa kuni. Nimekiuza kwa kuni, na kuni zenyewe ni kiti hicho hicho."

"Umenidhulumu," Muwaffaq alisema.

"Nimekudhulumu sana. Subiri nikwambie mengine."

Kitanda cha pili Hajja aliugulia, akauliza kwa sauti ya karatasi kama ni nani huyo anayepiga domo namna ile watu wanataka kufa kwa amani. Muuguzi alimshika mkono akamwambia ni mkwe wako, mama, ameamriwa na daktari. Rudaina hakusimama kumjibu. Alikuwa amefika kwenye habari za paa, na baada ya paa palikuwa na mapishi ya dengu bila kitunguu, na baada ya dengu palikuwa na yote aliyowahi kuwaza peke yake jikoni. Nje makombora yalianza kushuka, ghala likatikisika, vumbi likawadondokea wote. Aliinama kumkinga uso kwa mwili wake, na bila kukata sentensi akaendelea.